Tulivyokwenda Nairobi Kuhukumiwa na Walevi

Tangu nirudi, marafiki zangu mmenisimamisha sokoni, msikitini na hata kwenye josho la ng'ombe kuniuliza swali lile lile: wale watu wa Nairobi walikufanya nini? Mmoja wenu aliniuliza pua yake ikiwa karibu sana na mdomo wangu, nikajua anachotafuta. Nimechoka kueleza nusu nusu na kila mtu kutia chumvi yake, mpaka juzi nikasikia ati nilichomwa sindano ya kichwa. Basi naandika mara moja tu. Mnaojua kusoma mtawasomea wasiojua, na msiruke sehemu zinazonifedhehesha, maana hizo ndizo zilizonisafirisha.

Nilivyokuwa mnajua. Kazi yangu ni kuchanja ng'ombe, na ng'ombe ndio waliotangulia kuona mkono wangu unatetemeka. Dahabo, mke wangu, alivumilia akachoka, akachukua watoto wetu wawili akarudi kwa baba yake huko Kulamawe. Mara tatu nilimfuata huko nikamwapia baba yake, Haji, kwamba sitaonja tena maishani. Mara tatu nilivunja kiapo kabla mwezi mwingine haujaandama. Mara ya nne Haji alikataa kunisikiliza.

Wakati huo daktari mmoja aliyepita Isiolo na gari la chanjo alinieleza kwamba Nairobi kuna watu waliokuwa walevi wa kupindukia, wakaacha, na kila Jumamosi hukutana kuzungumza. Nikampelekea Haji habari hiyo. Akasema, "Hao wanajua pombe kuliko mimi. Enda wakuhukumu. Nitasikia hukumu yao, ndio nitasema kama bibi yako anarudi ama anabaki."

Kwetu Waborana mtu mwenye kosa hasimami mbele ya baraza akajisemea mwenyewe. Hutafuta msemaji. Mimi nilimchukua Jirma, ndugu wa mama yangu, ambaye mimi humwita Abuya, yaani mjomba. Abuya amewahi kusema kesi ya ngamia aliyekula mahindi ya watu, na alipomaliza wenye mahindi ndio walioomba radhi. Alifunga begi lake: shuka, tumbaku ya kutafuna, na mkebe wa buna, zile kahawa tunazokaanga nzima nzima ndani ya samli, kwa sababu hakuna anayekwenda mbele ya wazee mikono mitupu.

Isiolo hadi Timau

Tulitoka Jumatatu asubuhi kwa lori la ng'ombe. Dereva alikuwa Mutwiri, Mmeru tuliyejuana naye pale karantini ya mifugo. Abuya alikaa mbele pamoja naye. Mimi nilisimama nyuma na ng'ombe, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa nauli yangu: ng'ombe akilala ndani ya lori wenzake humkanyaga, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumkunja mkia asimame.

Nilikunja mikia mpaka vidole vikafa ganzi. Jumapili ndipo nilipokunywa mara ya mwisho, na kufikia kilima cha kwanza mwili ulikuwa umeanza kudai. Jasho lilinitoka, na baridi ya mlima ilikuwa inatushukia. Lakini akili yangu ilikuwa Nairobi. Nilitaka sana kujua hao watu wakoje. Nilijiuliza kama mwenyekiti wao ni yule aliyekunywa kuliko wote, au yule aliyeacha zamani kuliko wote. Nilijiuliza kama wana makovu. Nilijiuliza watanitoza nini, na kama ni ng'ombe, watampeleka wapi huko mjini. Sijawahi kuwa na maswali mengi namna ile nikiwa sijalewa.

Timau, siku mbili

Springi ya lori ilivunjika kabla tu ya kufika Timau. Mutwiri alilala chini ya gari, akatoka, akasema atampata fundi kesho. Kesho ilipofika akasema kesho. Ng'ombe tuliwashusha kwenye boma la mtu, na sisi tukapata nafasi kwa Mama Karimi, mwanamke mwenye hoteli ya mabati kando ya barabara.

Mama Karimi alitupa chakula cha kwao, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Abuya aliangalia sahani yake muda mrefu.

"Mama," akasema kwa adabu, "hii ni chakula ya kungojea chakula?"

"Hii ndiyo chakula, Mzee."

"Na nyama?"

"Nyama ni ya Krismasi."

Alikula kidogo kidogo, akihesabu kila punje kwa macho, kisha akaomba maziwa. Aliletewa chai. Siku ya pili alikula sahani mbili, na akanikataza kusema nyumbani.

Jioni ya siku hiyo ya pili ndipo ilipotokea jambo ambalo sijawaambia. Tulikuwa tumekaa jikoni, mimi nikitetemeka chini ya shuka, na Mutwiri akaingia na kibuyu cha pombe ya asali. Ni mtu mwema. Aliniona ninavyotetemeka akadhani ni baridi. Akamimina ndani ya kikombe, akanipa, na mkono wangu ukakipokea kabla sijafikiri lolote.

"Huyu hanywi," Abuya akamwambia.

Mutwiri akaniangalia mimi, si yeye. "Mzee, kwani yeye hana mdomo?"

Niliona hasira, na sikujua namkasirikia nani kati yao. Kile kikombe kilikuwa na joto la mkono wa Mutwiri na harufu niliyoijua vizuri mno. Nilikirudisha. Abuya alikuwa amekwisha kusema yote. Lakini nilisikia aibu kwamba nimekombolewa mbele ya watu kama mbuzi aliyeingia shamba la mtu.

Timau hadi Nairobi

Springi ilipona Jumatano, na Alhamisi alfajiri tukaondoka. Kuna mengi ya kueleza kuhusu barabara ile, ila nitataja moja. Karibu na Thika tulipita mashamba ya mananasi, miiba yake ikienda mpaka macho yanapoishia. Abuya alimsimamisha Mutwiri, akashuka, akayakagua.

"Nani anachunga hapa?" akauliza.

"Hapa hachungi mtu, Mzee. Hii inawekwa kwa mkebe inapelekwa Ulaya."

Abuya alipanda tena, akanyamaza mpaka Nairobi. Baadaye aliniambia alikuwa anawasikitikia watu wa Ulaya.

Mutwiri alituacha wanaposhushiwa ng'ombe, tukaingia mjini kwa miguu. Madukani picha ya Rais mpya ilikuwa imekwisha kutundikwa, na ukutani bado ilionekana alama ya fremu kubwa iliyotangulia. Tulilala kwa mtu wetu wa Isiolo anayeuza kanzu na kofia karibu na msikiti. Yeye tulimwambia tumekuja hospitali.

Kuwatafuta

Daktari alikuwa amenitajia mtaa na kusema "kwenye kanisa". Hakusema kanisa lipi, na ule mtaa una makanisa kama Isiolo ilivyo na mbuzi. Kosa letu lilikuwa kumwachia Abuya kazi ya kuuliza. Aliamini kwamba jambo la baraza ni heshima, kwa hiyo aliuliza kwa sauti kubwa, tena baada ya salamu ndefu.

"Salaam aleikum. Watu yako wazima? Nyumba nzima? Mvua ilinyesha? Sasa, wazee ya walevi wanakaa wapi?"

Mtu wa kwanza alituelekeza kwenye baa. Wa pili alituelekeza kwenye baa nyingine, akasema hiyo ndiyo ina wazee. Wa tatu, bwana mwenye tai, alidhani tunamsema yeye, na ilibidi tuondoke haraka. Mbele ya kila baa nilisimama mimi, nikaangalia mlango, na Abuya akanishika kiwiko. Siku hiyo nilipita karibu na milango mingi ya pombe kuliko mwezi mzima wa Isiolo, nikitafuta watu wa kuniachisha.

Ijumaa baada ya swala tulimpata mlinzi wa kanisa moja la mawe. Alisema hapo hakuna mkutano wa walevi, Mungu apishe mbali. Kuna wale watu wa chai tu.

"Watu wa chai gani?" nikauliza mwenyewe.

"Wanakuja Jumamosi saa tisa. Wanakunywa chai birika tatu, wanaongea, wakati mwingine mtu analia, wanacheka, wanaenda. Miaka minne nafungua hiyo mlango na sijui chama yao ni ya nini."

Nikajua tumefika.

Jumamosi saa tisa

Mkutano ulikuwa katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Abuya alisita mlangoni, maana ni Mwislamu wa kweli, kisha akaamua kwamba chumba chenye viti na birika si mahali pa ibada. Hata hivyo tulivua viatu. Waliokuwa ndani walituangalia miguu, wakaangaliana, na mmoja wao akavua vyake pia, nadhani kwa uungwana.

Walikuwa watu tisa kwenye duara. Hawakuwa na makovu. Kulikuwa na karani mwenye kalamu mbili mfukoni aitwaye Naftali, fundi cherehani Mhindi mwenye miwani mizito, mzungu mmoja mzee, na mwanamke aliyeongoza, Agnes, aliyewahi kuwa muuguzi. Mwanamke kuongoza baraza la walevi ni jambo ambalo sikulitarajia, na Abuya alilitarajia kidogo kuliko mimi. Lakini alisimama, akaweka mkebe wa buna mezani, akaanza.

"Mimi naitwa Jirma Wario. Hii ni mtoto ya dada yangu, Guyo. Baba yake alikuwa mtu ya maana. Babu yake alichimba kisima, na hiyo kisima mpaka leo inanywesha watu."

Aliendelea hivyo. Alitaja ukoo wangu kwa baba, akautaja kwa mama, akaeleza kwamba pombe ililetwa mjini na watu wengine, kwamba mimi nina huruma na wanyama, na kwamba yeye anawaomba wazee wapunguze adhabu. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko ya ngamia. Wote walisikiliza mpaka mwisho. Ndipo Agnes akamuuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, wewe unakunywa pombe?"

"Mimi? Tangu mama anizae sijaonja."

"Basi utatusamehe. Humu wanakaa wenye shida hiyo peke yao. Tutakuletea chai hapo kwa veranda."

Mjomba wangu, msemaji wa kesi, akatolewa kwenye baraza kwa kosa la kutokuwa na kosa. Aliniangalia mimi, akaangalia mlango, akachukua viatu vyake. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Agnes akanieleza desturi yao. Unataja jina lako moja, basi. Hakuna ukoo wala kazi. Unasema ya kwako, husemi ya mtu mwingine, na hakuna anayesema ya kwako. Nilifikiri ni ajabu kubwa, maana jina moja kwetu si mtu. Watu wakaanza kusema. Naftali alisimulia alivyouza kitanda cha mama yake, mama akiwa kijijini mazishini. Kwetu mtu akisema, msikilizaji humwitikia kila baada ya maneno machache, ajue yuko na watu, kwa hiyo mimi nilikuwa nikimwitikia, "Eee. Eee." Nilipoona ni mimi peke yangu nikanyamaza. Naftali akageuka akasema, "Endelea tu, inanisaidia."

Buna ilizunguka. Mhindi aliuliza inatafunwa au inamezwa.

Kisha wote wakaniangalia. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na sijawahi kusema kosa langu kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeapa, nimelia, nimeomba radhi, lakini kosa lenyewe siku zote lilisemwa na mtu mwingine, tena kwa maneno mazuri.

"Naitwa Guyo," nikasema. "Mimi ni mlevi."

Nilidhani nimemaliza. Mdomo ukaendelea. Niliwaambia kitu ambacho ninyi hamkijui, na Abuya hakukijua. Mwaka juzi Dahabo alikuwa amejifungua siku chache tu, na binti yetu mkubwa, Diramu, akashikwa na homa. Nilitumwa kumpeleka hospitali. Njiani nilipita kwa Nakiru, pale tunapokunywa, nionje kidogo tu. Nilimkalisha Diramu nje kwenye benchi, nikamfunika na shuka. Hiyo ilikuwa asubuhi. Nilitoka alasiri. Alikuwa amelala ubavu na midomo imepasuka kwa joto. Nilimbeba mpaka nyumbani nikamwambia mama yake kwamba foleni ilikuwa ndefu na daktari hakuja. Mungu alimponya mtoto bila msaada wangu, na uongo wangu ukabaki mzima.

Niliponyamaza, wakasema wote pamoja, "Asante, Guyo." Mzungu akaanza kusema ya kwake.

Nilingoja. Nilidhani watatoka nje kushauriana. Mkutano ukaisha, watu wakaanza kuosha vikombe, nikamfuata Agnes.

"Na hukumu?"

"Hukumu gani?"

"Ile yangu. Faini, ama kiapo. Mimi nimetoka Isiolo."

"Guyo, hapa hakuna wa kukuhukumu. Leo umekunywa?"

"Sijakunywa."

"Basi sisi tunashughulika na leo. Kesho tutaiona ikija. Na huko kwenu ukimpata mtu mmoja mwenye shida kama yako, kaeni muongee. Wawili wanatosha."

Nilimwomba hata barua fupi ya kumwonyesha mkwe wangu. Alisema hawaandiki barua. Niwaambie kweli, nilikasirika. Nimekunja mikia ya ng'ombe nusu ya Kenya, nimekula maharagwe, nimejivua nguo mbele ya watu nisiowajua, na wao wananipa asante na kikombe cha chai.

Kurudi

Tulirudi kwa basi, kwa njia ya Embu na Meru. Hakuna kilichovunjika isipokuwa moyo wa Abuya.

"Walisema nini?" akaniuliza kabla hatujatoka mjini.

"Walisema asante."

"Halafu?"

"Halafu tuliosha vikombe."

Alikaa na jambo hilo mpaka Embu. "Sasa mimi nitasimama mbele ya Haji niseme nini?" akauliza. "Kesi haina hukumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nje. Nitasema chai yao ilikuwa na sukari?"

Nitawaambia kitu kilichonishangaza: kuanzia Embu mpaka Meru nililala usingizi, na sikuwa nimelala hivyo tangu Dahabo aondoke.

Kulamawe

Alhamisi tulipanda lori la bidhaa linalokwenda Kulamawe. Haji alitupokea vizuri. Tulisalimiana kuhusu watu, wanyama, majani na maji, yote kwa utaratibu wake, tukanywa maziwa. Dahabo alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilimjua kwa kikohozi chake. Kisha Abuya akajiweka sawa, akafungua mdomo, akaufunga.

"Haji," akasema, "hii kesi mimi sikuingia. Huyu ndiye aliingia."

Mkwe kusema mwenyewe mbele ya baba wa mke wake, tena aibu yake! Nilitazama mkeka. Nikasema kwamba mimi ni mlevi, kwamba wale watu hawakunihukumu, na kwamba sijaonja kitu kwa siku kumi na moja.

"Na kiapo?" Haji akauliza. "Walikuapisha?"

"La. Na mimi leo siapi, Haji. Niliapa mara tatu. Leo sijakunywa. Kesho siijui."

Abuya alinifinya paja. Haji aliinuka polepole. "Mmeenda mpaka Nairobi," akasema, "mkarudi bila kitu." Akachukua birika la udhu akatoka, na Abuya akamfuata, akijaribu kueleza habari za veranda.

Nilibaki peke yangu kwenye mkeka. Nilijua nimeshindwa, na kwamba watoto wangu wataitwa wa Kulamawe. Pazia likasogea. Dahabo akatoka akakaa, mbali kidogo.

"Uliwaambia nini hao watu?" akauliza.

"Niliwaambia mimi ni mlevi."

"Hiyo kila mtu anajua. Nini kingine?"

Nilitaka kusema hakuna kingine. Nikamwambia. Nilianza na asubuhi ile, homa, njia tuliyopita, benchi, shuka, jua lilivyogeuka mpaka likamfikia mtoto. Nilimwambia kwamba hakukuwa na foleni yoyote, na kwamba hospitali hatukufika. Nilisema yote nikiangalia mikono yangu. Nilipomaliza hakulia, wala hakunitukana.

"Najua," akasema. "Diramu aliniambia jioni ile ile. Nimekaa miaka miwili nikingoja mdomo wako."

Huko nje Haji alikuwa amekwisha kuadhini, na Abuya alikuwa anaosha miguu. Dahabo akasimama, akakusanya vikombe vya maziwa, akafika mpaka kwenye pazia.

"Alhamisi ijayo uje tena," akasema. "Uje peke yako. Mjomba wako abaki nyumbani."

Naandika haya Jumanne. Lori la Kulamawe linaondoka kesho kutwa mapema, kwa hiyo siku hiyo msinitafute mjini.